Watoto Peke Yao: Ni Nani Atakayelinda Moto?

Kuna mithali isemayo: «Paka akiondoka, panya hutawala.» Wazazi huitumia wanapowaacha watoto nyumbani na kwenda shambani. Walimu huitumia wanapotoka darasani kidogo, na wakirudi wanakuta madawati yamepinduliwa. Maana yake yaeleweka upesi: mahali pasipo na mkubwa, watoto huharibika.

Mimi ni katekista, na kazi yangu ni watoto: mafundisho ya dini, nyimbo, mikutano yao ya Jumamosi. Mithali hiyo naisikia kila juma. Lakini je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, ni nini hasa kinachowaharibu watoto? Ni kukosa mkubwa, au ni jambo lingine?

Yafaa tulitazame swali hili kwa habari mbili. Ya kwanza ni ya kitabu, imetungwa na mtu. Ya pili ilitokea kweli. Zote mbili ni za watoto waliobaki peke yao kisiwani, katikati ya bahari. Na kati ya hizo mbili nitaweka jambo dogo nililoliona hapa kwetu.

Kitabu cha mwalimu Mwingereza

Mwaka 1954 mwalimu mmoja wa shule, jina lake William Golding, alitoa kitabu huko Uingereza. Jina lake kwa Kiingereza ni Lord of the Flies, maana yake Bwana wa Nzi. Ndivyo lilivyofasiriwa tangu kale jina la Beelzebuli tunalolisikia katika Injili. Mimi nilikisoma seminarini kwa Kifaransa, Sa Majesté des Mouches, na usiku ule sikupata usingizi. Golding alifundisha wavulana miaka mingi mjini Salisbury. Tena alikuwa mwanamaji katika vita kuu ya pili, naye alikuwapo tarehe 6 Juni 1944, majeshi yaliposhuka pwani ya Ufaransa. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya maandishi yake. Alikufa mwaka 1993.

Habari yenyewe ni hii. Kuna vita kubwa duniani. Wavulana wa Kiingereza wanahamishwa kwa ndege, na ndege inaanguka kisiwani. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyepona. Wakubwa kati yao wana miaka kumi na miwili hivi, wadogo wana sita. Mmoja wao, Ralph, anaokota ganda kubwa la konokono wa baharini. Analipuliza, nalo lalia kama baragumu, na watoto wote wanakusanyika. Wanamchagua Ralph kuwa mkuu. Wanaweka sheria: anayeshika ganda ndiye asemaye, wengine wasikilize. Wanawasha moto mlimani kwa miwani ya mtoto mmoja mnene waliyemwita Piggy, ili merikebu ipitayo ione moshi na kuja kuwaokoa. Mpaka hapo ni mambo mazuri kabisa. Baba yeyote angesema: watoto wangu wana akili.

Kisha mtoto mdogo anasema ameona mnyama wa kutisha msituni. Wakubwa wanacheka. Lakini usiku wadogo wanalia, na wakubwa nao wanaanza kusikiliza giza. Hapo anaondokea kijana wa pili, Jack, kiongozi wa waimbaji wa kwaya. Yeye anapenda kuwinda nguruwe. Siku moja merikebu inapita kwa mbali, lakini moto umezimika, kwa sababu waliopewa kazi ya kuulinda walikwenda kuwinda pamoja na Jack. Wanarudi wakiimba, wamebeba nyama begani. Ralph anawauliza habari za moto. Wao wanamjibu kwa habari za nguruwe.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwani hapa ndipo kitabu kizima kinapogeuka. Kulinda moto ni kazi isiyo na sifa. Unakaa, unaongeza kuni, macho yanauma kwa moshi, hakuna anayekupigia makofi. Faida yake haionekani leo. Pengine itaonekana baada ya mwezi, pengine baada ya mwaka. Nyama yaonekana leo. Na hofu nayo yasikika leo. Jack anawapa watoto vitu viwili: nyama ya kula mchana, na ulinzi dhidi ya mnyama wa usiku. Ralph anawapa kazi na matumaini tu. Kidogo kidogo watoto wanahamia kwa Jack.

Na mnyama yule alikuwa nini? Juu ya mlima palikuwa na maiti ya askari aliyeanguka kutoka angani na mwavuli wake. Upepo ulipovuma, kamba zilimwinua na kumlaza tena. Mtoto mmoja mpole, Simon, ndiye peke yake aliyethubutu kupanda na kutazama. Aliona ni mtu maskini aliyekufa. Akafungua kamba zilizonaswa, akashuka upesi ili awaambie wenzake wasiogope tena. Ilikuwa usiku wa mvua na radi, nao wakicheza ngoma ya mawindo. Walipomwona akitoka gizani wakadhani ndiye mnyama, wakamwua kwa mikono yao. Basi aliyeleta habari ya kuondoa hofu ndiye aliyekufa kwa ajili ya hofu.

Baadaye Piggy naye anauawa kwa jiwe kubwa lililosukumwa kusudi, na ganda lapasuka pamoja naye. Ralph anawindwa kama nguruwe. Jack anachoma msitu mzima ili amtoe mafichoni. Moshi wa moto huo wa kuua ndio unaoonwa na manowari, na ofisa anashuka pwani, nguo zake nyeupe safi. Anashangaa kwamba watoto wa Kiingereza wamefikia hali hiyo. Lakini yeye mwenyewe ametoka vitani, naye akimaliza kuwaokoa anarudi vitani. Golding hasemi zaidi. Msomaji mwenye macho anaona.

Neno «washenzi»

Yafaa pia kujua kwamba Golding alikuwa anajibu kitabu kingine, cha karibu mwaka 1858, cha R. M. Ballantyne, The Coral Island. Humo pia wamo vijana wa Kiingereza kisiwani, na wawili wao wanaitwa Ralph na Jack. Hao ni wema, hodari, wenye furaha. Ubaya unatoka kwa wenyeji wa visiwa, ambao mwandishi anawaonyesha kama washenzi wala watu. Vitabu vya namna hiyo vilikuwa vingi, na sisi Waafrika twajua vizuri tulivyoandikwa ndani yake.

Golding alilipindua jambo hilo. Katika kitabu chake hakuna mwenyeji hata mmoja. Wanaojipaka rangi usoni, wanaocheza kwa mikuki na kuua wenzao ni watoto wa kwaya. Alikuwa ameona vitani yale ambayo watu waliosoma na kuvaa vizuri wanaweza kutenda, kwa hiyo hakuweza tena kuuweka ubaya mbali, ng'ambo ya bahari. Katika hilo alisema kweli, nasi tumshukuru. Ushenzi si rangi ya mtu wala nchi yake.

Lakini wengi waliokisoma kitabu hiki walichukua fundisho lingine, rahisi zaidi. Wakasema: kumbe ndivyo watoto walivyo, ondoa fimbo, ndani ya juma moja watakulana. Hapo mimi nasita. Na sababu ya kusita kwangu ni watoto wenyewe.

Bati la nyuma ya bweni

Miaka michache iliyopita watoto wapatao arobaini kutoka makanisa madogo ya vijijini walikaa parokiani majuma mawili, wakijitayarisha kwa Kipaimara. Wavulana walilala katika jumba moja refu, na choo kilikuwa nyuma, mwendo wa hatua sitini hivi gizani. Siku ya tatu mama mpishi alituambia: «Katekista, watoto wadogo wanakula bugali kavu. Sambaza zao zinakwenda wapi?»

Tulipouliza kwa upole, habari ikatoka. Kijana mmoja mwenye nguvu, wa miaka kumi na minne, alikuwa amewaambia wenzake kwamba nyuma ya choo kuna kitu kinacholia usiku. Kila usiku kitu hicho kiliongezeka: usiku wa kwanza kilikuwa na sauti, wa pili kikapata macho, wa tatu kikapata meno. Kijana huyo alikuwa na wenzake watano aliowaita walinzi. Anayetaka kupelekwa chooni alitoa sambaza mbili za chakula cha jioni. Asiyetoa alibaki ndani, na asubuhi mkeka wake ulikuwa umelowa, wakamcheka.

Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa mwenye kigugumizi. Sambaza zake zilikuwa zimekwisha. Kwa kuwa hakuwa na cha kulipa, alichukua taa akaenda peke yake. Akakuta bati la paa limefunguka upande mmoja, upepo ukivuma lalia. Akarudi akasema: «Ni ba-bati.» Je, walimshukuru? Hata. Walinzi walimpiga makofi, wakamwambia anyamaze.

Nilipoyasikia hayo nilimkumbuka Simon mara moja. Kile kitu cha nyuma ya choo kilikuwa shamba la yule kijana. Huko ndiko alikovuna. Aliyesema «ni bati» alikuwa anamng'olea mihogo yake.

Jioni ile hatukutoa fimbo. Tulichukua taa zote, nyundo na misumari, tukaenda na watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Kila mtoto alitazama. Walilipigilia bati wenyewe. Kisha tukapanga zamu: kila usiku wawili wawili walinde taa mlangoni na kumsindikiza yeyote bure. Zamu ya kwanza tuliwapa yule kijana mwenye nguvu na yule mwenye kigugumizi. Siku zilizobaki zilipita kwa amani, na yule kijana alikuwa mlinzi mwema wa taa kuliko wote. Nguvu zake zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa tena na faida katika hofu ya wengine.

Vijana sita wa Tonga

Sasa tuje kwenye habari ya kweli. Tonga ni ufalme wa visiwa katika bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Juni 1965 vijana sita wa shule moja ya bweni mjini Nuku'alofa, waliochoka na shule, walichukua mashua ya mvuvi bila ruhusa. Walitaka kwenda Fiji, mbali sana. Walikuwa na magunia mawili ya ndizi na nazi chache. Hawakuwa na ramani wala dira. Usiku wakalala usingizi. Dhoruba ikapasua tanga na kuvunja usukani. Walichukuliwa na maji siku nane. Maji ya mvua waliyoyakinga katika vifuu vya nazi waliyagawa sawasawa: funda moja asubuhi, funda moja jioni, kila mtu.

Mwishowe wakafika 'Ata, kisiwa cha mawe mengi chenye miamba mirefu, kusini ya visiwa vyao. Hapakuwa na mtu. Zamani palikuwa na watu, lakini mwaka 1863 wafanya biashara ya watumwa walikuja kwa merikebu wakawachukua wenyeji wapatao 140, na mfalme wa Tonga akawahamishia waliobaki kisiwa kingine. Wasomaji wapenzi, tazameni: kisiwa hiki kiliharibiwa na wakubwa, wenye merikebu na hesabu za biashara. Na juu, mahali pa kijiji cha zamani, vijana wakakuta magimbi, migomba, na kuku wa mwituni, wazao wa kuku walioachwa na wale watu zaidi ya miaka mia iliyopita.

Walikaa huko zaidi ya mwaka. Je, walifanya nini? Waligawana kazi wawili wawili: hawa bustani, hawa jikoni, hawa ulinzi. Walichimba magogo ili yashike maji ya mvua. Walijenga banda la kuku. Walipofaulu kuwasha moto hawakuuacha uzimike tena. Kolo, mmoja wao, alitengeneza gitaa kwa kipande cha mti, kifuu cha nazi na nyaya za mashua yao iliyovunjika. Walianza siku kwa wimbo na sala, wakaimaliza kwa wimbo na sala.

Msidhani walikuwa malaika. Waligombana kama watu wote. Lakini walikuwa na sheria: wakigombana wawili, mmoja aende upande huu wa kisiwa, mwingine upande ule, mpaka hasira ipoe. Baada ya saa nne hivi wenzao wanawaleta pamoja, wanaombana msamaha. Siku moja Stephen alianguka mwambani akavunjika mguu. Wenzake waliunyosha, wakaufunga kwa vijiti na majani, wakazifanya zamu zake mpaka alipopona. Mguu ukaunga vizuri. Katika kitabu cha Golding, mnyonge alinyang'anywa miwani yake. Huku 'Ata, mnyonge alipewa muda wa kulala.

Tarehe 11 Septemba 1966 nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipita karibu na kisiwa, akaona majani yameungua mahali pasipokaliwa na watu. Kijana mmoja akaruka baharini akaogelea mpaka merikebuni. Kwao walikuwa wamekwisha kufanyiwa matanga. Waliporudi, polisi waliwafunga kwa sababu ya ile mashua. Warner akamlipa mwenyewe, wakafunguliwa, wakarudi kwa mama zao. Habari hii ilisahauliwa na wengi, mpaka mwandishi Mholanzi Rutger Bregman alipoieneza tena duniani mwaka 2020.

Je, basi Golding alisema uwongo? Hapana. Yatupasa kupima kwa haki. Wale wa Tonga walikuwa sita tu, marafiki wa shule moja, wakubwa kidogo kwa miaka, watoto wa bahari waliojua kuvua na kupanda. Wale wa kitabuni walikuwa wengi, wageni wao kwa wao, na wadogo wengi kati yao. Habari moja haifuti nyingine. Lakini zikiwekwa pamoja zinatujibu swali letu. Visiwa vyote viwili vilikosa mkubwa. Vyote viwili vilikuwa na usiku, njaa na ugomvi. Tofauti ni hii: huko 'Ata hakuna aliyeifanya hofu ya wenzake kuwa kiti chake cha enzi. Na moto, ile kazi isiyo na sifa, ulilindwa na kila mmoja kwa zamu yake.

Na sisi wa Kongo?

Sisi tuna neno letu wenyewe, kadogo. Mwaka 1996 na 1997, jeshi la AFDL la Laurent-Désiré Kabila lilipotoka mashariki mpaka Kinshasa, watoto wengi walikuwa ndani yake wakibeba bunduki, na watu wakawaita hivyo. Baada yao wakaja wengine. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai huko La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia, kwa sababu ya kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 katika Ituri na kuwatumia vitani. Hukumu ilikuwa miaka 14.

Tufikiri vizuri. Watoto hao hawakuharibika kwa kukosa mkubwa. Mkubwa alikuja. Aliwakuta wana hofu, kwa maana vijiji vyao vilikuwa vimechomwa au wazazi wao wameuawa, naye akawaambia: «Adui yuko kule. Njooni kwangu nitawapa bunduki, hamtaogopa tena.» Ni Jack mwenye ndevu. Na wale wazee wanaomwita mtoto mchawi kwa sababu biashara imeanguka au mtu ameugua, wakamfukuza akalale sokoni, hao nao wamefanya nini? Wamempa mnyama wa giza uso wa mtoto. Basi mithali yetu haitoshi. Tusiulize tu kama paka yuko. Tuulize paka huyo anakula nini.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, walimu, na ninyi mnaoongoza vikundi vya watoto, naomba tushike mambo matatu.

La kwanza: hofu ya mtoto isichekwe, wala isitumiwe. Tusimtishe kwa askari, wala kwa mzimu, wala kwa Mungu, ili anyamaze. Akisema ameona kitu, chukua taa, uende naye mkatazame pamoja. Na mtoto anayesema «ni bati» tumlinde, maana mara nyingi huwa mdogo, tena peke yake.

La pili: tuwazoeze kazi ndogo za zamu, wawili wawili, mwenye nguvu pamoja na mnyonge. Kuteka maji, kufagia kanisa, kutunza taa. Mtoto aliyekwisha kulinda moto wakati wewe upo ataweza kuulinda siku ambayo hupo. Na siku hiyo, katika nchi yetu, huja bila kupiga hodi.

La tatu: ugomvi wao uwe na mlango wa kutokea. Waachanishwe, wapoe, kisha waletwe pamoja siku ile ile. Wale vijana sita hawakuwa na hakimu wala gereza. Walikuwa na saa nne za kupoa, na wenzao wanne wa kuwangojea.

Na siku ya kumchagua kiongozi wa watoto, au kapita wa kazi, au mwenyekiti wa kijiji, tusitazame kwanza ni nani anayeleta nyama, wala ni nani mwenye sauti kubwa. Tutazame watu wake wanaolala karibu naye. Je, usiku wanaogopa zaidi kuliko jana, au wanaogopa kidogo? Anayeongeza hofu yao, hata akiwashibisha, msimpe ganda. Mpeni yule anayekubali kukaa macho karibu na moto wakati wenzake wamelala.